Njia ya bustani kwenye udongo mwekundu: kutandika peva zisizocheza mvua ikija

Kinachoharibu njia za bustani Uganda ni maji kuliko miguu. Njia iliyokuwa imenyooka Februari, ikifika Mei peva zake (vitofali vya zege vya kutandika chini) zimeanza kucheza, nyingine zimezama upande mmoja, na mchanga wa kwenye viungo umelala juu ya nyasi. Ukifukua utakuta udongo mwekundu uliolainika kwa sababu maji hayakuonyeshwa pa kwenda, na kingo ambazo hazikushikwa na kitu. Rangi ya peva na mtindo wa kuzipanga havina hatia hapo. Ndiyo maana maelezo haya yatakaa sana shimoni, na urembo tutaupita haraka.

Tuchukue njia ya kawaida ya nyumbani: urefu mita 10, upana sentimita 92, ya watu, toroli na pikipiki ya mara mojamoja. Kama gari litapita juu yake, hesabu zote zinabadilika: peva ziwe za milimita 80 badala ya 60, na moramu, yaani changarawe nyekundu ya kushindilia chini yake, sentimita 20 au zaidi. Amua mapema, maana njia ya watu ikishakanyagwa na lori la mchanga la jirani haina dawa isipokuwa kung'oa.

Kabla ya kushika jembe

Kati na kusini mwa nchi mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Chimba Januari na Februari, au kuanzia katikati ya Juni hadi Julai. Kaskazini, kuanzia Lira na Gulu kwenda juu, msimu ni mmoja mrefu, Aprili hivi hadi Oktoba. Huko Desemba hadi Machi ndio wakati wake. Shimo lililo wazi likinyeshewa mara moja tu, utachota uji, na udongo wa hivyo haushindiliki hadi ukauke.

Kupanga, lakini, kunafanywa mvua ikinyesha. Toka na mwavuli, simama uani dakika kumi, uone maji yanatoka wapi na yanakimbilia wapi. Choma kigingi kila mahali mkondo unapokata njia unayoitaka. Kazi hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

Angalia pia paa. Nyumba nyingi za mabati hazina mifereji ya paa, na maji yanadondoka kwenye mstari mmoja mvua zote. Mstari huo ukiangukia njia, matone yatachimba mchanga kwenye viungo kama mtu anayetoboa kwa msumari. Weka ukingo wa njia angalau sentimita 50 nje ya mstari wa matone, na kwenye mstari wenyewe chimba kijifereji cha upana wa sentimita 20 na kina cha 20, ukijaze kokoto kubwa.

Miti nayo. Mizizi ya mwembe au ya mutuba (mti wa kitambaa cha gome) itainua peva siku moja, kwa hiyo ipe njia kona ipite mbali na shina. Mizizi minene usiikate karibu na shina kwa ajili ya kunyoosha njia. Mti mkubwa uliopoteza mizizi ya upande mmoja ni hatari siku ya upepo. Chini ya mfenesi usipitishe kabisa: fenesi bivu likianguka ni uzito na utomvu kwa pamoja. Na ukiona kichuguu hai kwenye mstari wako, kifukue hadi chini kabisa, uvijaze vishimo vyake moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Mapango ya mchwa yakiachwa wazi, sehemu hiyo itazama yenyewe.

Mwisho, uliza bomba la maji linapita wapi kutoka kwenye mita hadi nyumbani. Mara nyingi limefukiwa kina cha jembe tu.

Upana unaamuliwa na peva

Kosa la kawaida ni kuchimba sentimita 90 kamili kwa sababu namba inapendeza, kisha kugundua safu ya mwisho haiingii. Chukua peva zenyewe, uzipange juu ya sakafu na nafasi ya milimita 3 kati yake, ndipo upime.

Peva ya mstatili ya sentimita 20 kwa 10 ni rahisi kuliko zote kwa mtu anayeanza. Ukizipanga safu tisa zinazokwenda kwa urefu wa njia, kila safu ikianza nusu ya peva mbele ya jirani yake kama matofali ya ukuta, upana unatoka sentimita 92.4, na utakata nusu chache tu kwenye ncha mbili. Ukizipanga kwa kukingama, kila mstari unahitaji peva nne na nusu, maana yake nusu zipatazo 97 kwa mita 10. Hiyo ni grainda ya kutwa nzima na vumbi la kutosha mtaa. Mtindo wa mfupa wa samaki hushikana vizuri kuliko yote, lakini unafaa zaidi pa kupita magari.

Vitu vya kununua

Kwa njia yetu ya mita 10:

- Peva za milimita 60, ukubwa wa sentimita 20 kwa 10: zinaingia 443 hivi; nunua 470. Njia ikiwa na kona nyingi, ongeza kumi kwa kila mia.
- Moramu: mita za ujazo 1.6. Ikishashindiliwa itabaki 1.2.
- Mchanga wa ziwa: nusu mita ya ujazo, ukihesabu wa kutandikia, wa viungo na wa zege.
- Kokoto za nusu inchi: mita za ujazo 0.3 kwa zege la kingo.
- Simenti: mifuko 2 ya kilo 50. Ya daraja la 32.5 inatosha kwa kingo. Namba imeandikwa kwenye mfuko.

Moramu na mchanga huuzwa kwa tripu, yaani mzigo mmoja wa lori, na tripu si kipimo. Kabla gari halijamwaga, panda upime sanduku lake: urefu mara upana mara kimo cha mzigo, vyote kwa mita. Mzigo uliorundikwa katikati na kushuka pembeni unapungua sana ukisawazishwa, kwa hiyo sawazisha kwanza kwa koleo.

Moramu nzuri ina vijiwe vyekundu vya ukubwa wa harage hadi jicho la ng'ombe, na udongo kidogo wa kuvishikanisha. Ikiwa ni udongo mtupu mwekundu, umeuziwa ulichokwisha kuwa nacho uani. Ikiwa ni vijiwe vitupu haitashikana.

Mchanga uwe wa ziwa, wenye chembe kubwa, kama ule unaotoka Lwera kwenye barabara ya Masaka. Mchanga wa shimo unaotumika kwa plasta una udongo ndani. Ukilowa unageuka tope na peva zinaelea. Ujaribu hivi: weka mchanga sentimita 8 kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa, uiache saa tatu. Tabaka la tope lililotuama juu ya mchanga likizidi milimita 5, rudisha mzigo. Vumbi la mawe kutoka kwenye machimbo ya kokoto linafaa pia likiwa na chembe za kukwaruza vidole. Likiwa laini kama unga, liache.

Peva zigonganishe mbili: zilizokomaa zinalia, mbichi zinatoa sauti ya ubao. Kwaruza pembe kwa msumari. Ikimeguka kama biskuti, zilitolewa kwenye kalibu juzi. Panga kumi bega kwa bega, zimelala kwenye sakafu tambarare, upitishe kiganja juu. Zikipishana unene kwa zaidi ya milimita 3, utahangaika nazo mpaka mwisho wa kazi.

Vifaa ni vya kawaida: jembe, sururu, koleo, toroli, mwiko, nyundo ya mpira, pimamaji, uzi wa fundi, vigingi, futi kamba, ufagio mgumu. Mashine ya kushindilia ikodishe siku mbili kama mfuko unaruhusu. Usipoipata, jaza zege kwenye kopo la rangi la lita 4, chomeka mpini wa mti uliogongewa misumari ya kushika upande wa chini, usubiri wiki. Hilo ni shindilio la kilo kumi hivi, na kwa njia ya miguu linatosha mikono ikivumilia.

Uzi na mpira wa maji

Simamisha vigingi nje ya eneo la kuchimba, kila upande, kila mita 2 hadi 3. Uzi ndio uso wa njia iliyokwisha, kwa hiyo uwe sentimita 1 tu juu ya udongo wa nyasi. Ukiupandisha zaidi, slasha itakuwa ikigonga pembe za peva kila mtu anapofyeka. Ukiuweka chini ya nyasi, kila mvua italeta tope juu ya njia.

Uzi wa upande mmoja uwe chini ya mwenzake kwa sentimita 2. Huo ndio mteremko wa kumwaga maji, na uelekee mbali na nyumba bila kujadiliana. Kwa umbali mrefu, pimamaji fupi hudanganya. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 12 hivi, ujaze maji: mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha kwanza, mwingine kwenye cha mwisho, na maji yatasimama kimo kimoja pande zote mbili. Wekeni alama, kisha mshuke kila mmoja kipimo chake kutoka kwenye alama. Povu likibaki ndani ya mpira vipimo vyote ni uongo, hivyo uangalieni mpira wote kwanza.

Kona ya mraba inapatikana kwa 3, 4 na 5: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya ncha hizo iwe mita 5. Kwa kona ya mviringo, laza mpira wa kumwagilia chini, uuzungushe hadi jicho liridhike, umwage majivu kuufuata.

Kuchimba

Chimba upana wa mita 1.2, ili pande zote mbili zibaki sentimita 14 za zege la kingo. Kina ni sentimita 18.5 kutoka kwenye uzi: 10 za moramu na 8.5 za mchanga na peva. Pima kutoka kwenye uzi kila hatua, kwa kijiti kilichokatwa urefu huo. Ukipima kutoka kwenye ardhi, mabonde ya ardhi yatahamia kwenye njia yako.

Udongo wa juu, ule mweusimweusi wenye mizizi, utenge. Ni chakula cha migomba na vitalu. Mwekundu wa chini utatoka toroli zipatazo 45, kwa hiyo uwe umeamua mapema utakwenda wapi. Watu wengi huumwaga kando ya shimo, na mvua inaurudisha ndani.

Sangari, ambayo Waganda wanaiita lumbugu, na ndago zitoe na mizizi yake yote. Kipande cha sangari cha urefu wa kidole kilichosahaulika chini kitatafuta kiungo kitokee. Karatasi ya nailoni chini ya njia haisaidii: inazuia maji kushuka, na majani mengi huota kutokana na mbegu zinazoanguka juu.

Sasa kanyaga sakafu ya shimo kwa kisigino. Pakibonyea, chimba sehemu hiyo zaidi, ujaze mawe na moramu, ushindilie. Shimo zima lishindiliwe kabla ya kuingiza chochote, na liwe na mteremko uleule wa sentimita 2.

Huu ndio wakati wa mabomba. Pale mkondo wa maji ulipokata njia (vigingi vyako vya siku ya mvua vipo), chimba mfereji wa kukingama ulaze bomba la plastiki la inchi 4, lenye mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, juu yake paje moramu ya sentimita 10 iliyoshindiliwa. Weka na bomba jingine dogo tupu la inchi 2, uzibe ncha zake kwa kitambaa. Siku utakapotaka kupitisha waya wa taa au mpira wa maji, utajishukuru.

Moramu, kwa tabaka mbili

Usimwage sentimita 13 zote kwa mpigo. Shindilio la mkono halifiki chini ya sentimita 7 au 8; juu patakuwa pagumu na chini pumba. Mwaga sentimita 6.5, sawazisha kwa reki, shindilia hadi zibaki 5, kisha tabaka la pili vivyo hivyo.

Unyevu ndio siri yake. Moramu kavu haishikani hata ukiipiga mchana kutwa, na iliyolowa sana inabonyea upande huu na kuvimba upande ule. Chukua konzi moja ubane. Ikitengeneza donge lisiloacha maji mkononi, na donge hilo likidondoka kutoka kiunoni likapasuka vipande vichache, iko sawa. Ikiachia vumbi, nyunyizia maji kwa kopo lenye matundu, usubiri robo saa yapenye. Ikiacha tope kwenye vidole, ianike.

Kwa mashine, pita mara tatu au nne kila tabaka. Kwa mkono, kila pigo lipande nusu juu ya pigo lililotangulia. Umemaliza pale kisigino cha mtu mzima kinapogeuzwa papo hapo bila kuacha alama. Vuta uzi upime tena: uso wa moramu uwe sentimita 8.5 chini ya uzi, kila mahali. Palipozidi kwangua, palipopungua jaza moramu. Kujaza mashimo kwa mchanga ni kujidanganya, kwa sababu tabaka nene la mchanga hushuka zaidi ya jembamba, na baada ya miezi miwili peva zitachora ramani ya mashimo yako.

Kingo

Mchanga hauna mshipi. Peva za pembeni zisiposhikwa zinasogea nje polepole, viungo vinafunguka, mchanga unatoka, na njia inaanza kufa kutoka pembeni kwenda katikati.

Changanya zege la 1:2:4. Mfuko wa simenti wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo kwa kila mfuko weka mchanga jerikeni tatu na nusu na kokoto jerikeni saba, za lita 20 zilizokatwa mdomo. Maji yawe ya kulishikanisha tu. Zege la ukingo likikandwa lisimame kama ugali, lisitambae kama uji. Changanya nusu mfuko kwa wakati mmoja. Saa moja na nusu baada ya kulowa, lililobaki usilitumie.

Kwangua moramu kidogo chini ya mstari wa ukingo, weka zege la kufikia sentimita 5, laza peva za safu ya pembeni, uzigonge hadi ziguse uzi bila kuusukuma. Upande wa nje jaza bega la zege lenye upana wa sentimita 10 hadi 12, ulikandamize kwa mwiko likiinama kuelekea nje. Bega liishie sentimita 3 hivi chini ya uso wa peva, ili udongo na paspalamu (nyasi za bustani) vije kulifunika. Likipandishwa hadi juu, nyasi hazitaota hapo na utabaki na mstari wa kijivu maisha.

Ukingo wa pili ufuate wa kwanza kwa kijiti, si kwa macho. Kati ya kingo mbili zinaingia safu saba, zenye viungo nane vya milimita 3: sentimita 72.4. Kata kijiti cha urefu huo, ukipitishe kila nusu mita. Kabla zege halijakauka, panga peva saba pamoja na nafasi zake uhakikishe zinaingia bila kubanwa.

Funika kingo kwa magunia yaliyolowa au majani ya migomba, umwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku tatu za kwanza asikanyage mtu. Kingo za mbao au magogo ya kalitusi achana nazo, maana mchwa watakuwa wageni wa kwanza wa njia yako.

Mchanga na ubao wenye masikio

Tafuta ubao ulionyooka wa sentimita 90 hivi. Ukate ncha zake mbili kwa chini zibaki kama masikio yanayokaa juu ya kingo, na tumbo lake, lisilozidi sentimita 72, lishuke milimita 52 kati ya kingo. Mwaga mchanga wenye unyevu kidogo, uvute ubao kwa kuuyumbisha kulia na kushoto. Mchanga unaobaki nyuma una unene wa milimita 33, na mteremko uleule wa kingo.

Kwa nini 52 na si 60, wakati peva ina 60? Kwa sababu peva za ndani zitashuka zikishindiliwa, na za ukingo, zilizo juu ya zege, hazitashuka. Ukizilaza zikiwa sawa leo, kesho za katikati zimekuwa bakuli la maji. Zikianza milimita 8 juu, zitakaa sawasawa na kingo baada ya mashine. Ukitumia shindilio la mkono hazitashuka sana, fanya 55. Jaribu mita moja ya kwanza, shindilia, uone, kisha urekebishe ubao kabla ya kuendelea.

Usikanyage mchanga uliosawazishwa, na usisawazishe zaidi ya utakachomaliza leo. Kuku na watoto wafungiwe upande mwingine. Wapo mafundi wanaochanganya simenti kavu ndani ya mchanga huu ili njia iwe ngumu. Simenti hiyo inashika kwa mabaka kutokana na unyevu, mara nyingi kabla peva hazijakaa, na siku udongo ukisogea kidogo inapasuka vipande vinavyocheza kimoja kimoja. Mchanga mtupu unarekebishika. Huo mwingine unahitaji nyundo.

Kutandika

Anza kwenye ncha iliyo chini, uende kuelekea juu, ukipiga magoti juu ya peva ulizokwisha kuweka na kuacha mchanga mbele yako. Shusha kila peva ikitelezea ubavu wa jirani yake hadi iguse mchanga. Ukiiweka na kuisukuma, unakusanya mchanga kwenye kiungo. Acha milimita 2 hadi 3. Peva nyingi zina vijinundu vya ubavuni vinavyoacha nafasi hiyo zenyewe. Zikigusana bila nafasi, pembe zitameguka mara tu mashine ikipita.

Chukua peva kutoka kwenye marundo matatu kwa zamu, maana rangi hupishana kutoka mchanganyiko mmoja hadi mwingine. Kila mita vuta uzi kukagua mistari. Mstari uliopinda milimita 5 unanyooshwa kwa mwiko; ukiusubiri hadi mita ya kumi unanyooshwa kwa kung'oa.

Nusu zikate kwa grainda yenye diski ya mawe, ukivaa miwani na kitambaa puani. Kwa tindo, chora mstari pande zote nne kwa mapigo madogo kabla ya pigo kubwa. Kipande kisichofika theluthi ya peva usikitumie, kwani kitang'oka.

Kushindilia na kujaza viungo

Fagia kwanza. Chembe moja ya kokoto chini ya mashine inapasua peva. Funga kipande cha zulia kuukuu au mpira chini ya sahani ya mashine, upite mara mbili. Kwa mkono, weka ubao mpana juu ya peva upige ubao.

Kisha mwaga mchanga mwembamba mkavu kabisa, uliochekechwa kwa wavu wa madirisha na kuanikwa kwenye turubai. Fagia kwa kukata viungo mshazari, shindilia tena, fagia tena, hadi viungo vikatae kupokea. Mchanga wenye unyevu unaziba juu na kuacha uwazi chini, na hilo hulioni hadi mvua ya kwanza. Usimwage uji wa simenti kwenye viungo: unachafua uso wa peva na kupasuka.

Mahali pasipo tambarare

Kwenye vilima vya Kampala au miteremko ya Mbale, njia inayoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12 ianze kufikiriwa kuwa ngazi: kimo cha sentimita 15, pa kukanyaga 35 hadi 40. Mteremko wa wastani unahitaji mkanda wa zege wa kukingama kila mita 3 au 4, wenye upana wa sentimita 10, uliofichwa chini ya mstari mmoja wa peva, ili mchanga wa chini usishuke na maji.

Karibu na kinamasi, tandika mawe makubwa sentimita 15 chini ya moramu, uyagonge yakae. Na udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, kama ule wa sehemu nyingi za Karamoja, unavimba na kunywea kiasi cha kuichezea njia yoyote iliyofungwa. Huko ni bora kokoto au moramu tupu, unaisawazisha kila mwaka na maisha yanaendelea.

Bila peva

Matofali ya kuchoma yanafaa ukichagua yale yaliyokaa karibu na moto wa tanuri, mekundu ya kukolea hadi zambarau. Loweka moja kwenye ndoo usiku kucha. Likilainika pembe, rudisha. Yalaze kwa ubavu wake mwembamba, moramu ileile chini. Ukubwa wake hutofautiana kutoka tanuri hadi tanuri, kwa hiyo panga kumi, pima, ndipo uhesabu. Kivulini huota ukungu unaoteleza haraka kuliko peva.

Vibao vya kukanyaga unaweza kuvitengeneza nyumbani. Kalibu ya mbao ya sentimita 45 kwa 45, kina 5, ipakwe oili chafu ndani. Zege la 1:2:3 lenye simenti ya 42.5 na kokoto za nusu inchi. Mfuko mmoja unatoa vibao 13 hivi. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Toa kalibu kesho yake, viweke chini ya magunia yaliyolowa siku saba, na usivikanyage kabla ya wiki mbili. Vilaze katikati hadi katikati sentimita 60, ambayo ni hatua ya mtu mzima anayetembea bila haraka. Mwite bibi wa nyumba apite kwanza uone kama hachechemei.

Mvua tatu za kwanza

Baada ya mvua ya kwanza viungo vitashuka; jaza mchanga tena, na tena baada ya ya tatu. Dimbwi likibaki juu ya njia saa moja baada ya mvua kukatika, lizungushie chaki. Pakikauka, chomoa peva ya katikati kwa bisibisi mbili nyembamba zilizoingizwa pande zinazotazamana, kisha zilizobaki zitafuata kwa mkono. Ongeza mchanga kidogo zaidi ya unaoona unahitajika, sawazisha, rudisha peva zilezile mahali pake, gonga. Ni kazi ya nusu saa. Ikiwa palepale pamezama mara ya pili, mchanga hauna kosa: fukua hadi kwenye moramu, na huenda ukakuta bomba linalovuja au tundu la mchwa.